Usukani Mpya, Ugonjwa Mpya: Kutafuta Kasoro Baada ya Kubadilisha Usukani na Swichi za Pikipiki

Pikipiki nyingi zinazosukumwa hadi bandani kwangu zikidaiwa kuwa na ugonjwa wa umeme hazina ugonjwa wa umeme. Zimebadilishwa usukani. Mwenyewe atakueleza habari za betri, atakueleza habari za CDI (kile kisanduku kinachoamuru cheche za plagi), atakueleza mvua iliyomnyeshea juzi njiani kutoka Tororo. Usukani hautaji mpaka umwulize, kwa kuwa machoni pake usukani ni bomba tu la kushikia.

Niko Busia, mji ambao husimuliwa kuwa jina la boda boda lilizaliwa hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi za baiskeli za kuvusha watu na mizigo. Vijana wa steji hubadilisha usukani kwa sababu tatu. Wa zamani umepinda kwa kuanguka. Au mgongo unauma kwa kushinda juu ya pikipiki ya Boxer tangu alfajiri, na mtu anataka usukani wa juu ili akae wima. Au ameona wa mwenzake umetanuka kama pembe za ng'ombe wa Ankole, naye akautamani. Hiyo ya tatu siicheki, pikipiki ni ya mtu na jasho ni lake. Tatizo ni kwamba kiwandani kila kebo, kila waya na mpira wa breki (bomba linalopitisha mafuta ya breki) vilikatwa kwa urefu wa usukani ule ule wa zamani. Uinue sentimita tano tu, umevivuta vyote kwa pamoja.

Basi kabla hujashika bisibisi wala tesa, fanya hivi. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gia iwe huru. Kata usukani kushoto polepole mpaka ugote, kisha kulia mpaka ugote. Mara ya kwanza injini ikiwa imezimwa, ukitazama kebo zinavyonyooka na nyaya zinavyobanwa shingoni. Mara ya pili ufunguo ukiwa umewashwa, taa na indiketa zikifanya kazi. Mara ya tatu injini ikinguruma. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi, na kimenionyesha kasoro nyingi kuliko mita yangu.

"Fundi, nikikata kona injini inapiga kelele yenyewe"

Kijana mmoja aliniambia pikipiki yake ina mapepo. Akigeuza barabarani kurudi alikotoka, injini inapanda na pikipiki inaruka mbele, abiria nyuma anapiga yowe. Mapepo yenyewe yalikuwa kebo ya mafuta.

Mkono wa mafuta, ile gripu unayoizungusha kuongeza mwendo, uko kulia. Ukikata kushoto, mkono wa kulia unakwenda mbele na kuivuta kebo yake. Kebo ikiwa fupi, au ikiwa imepitishwa nje ya taa badala ya kupita nyuma yake, usukani ndio unaovuta mafuta. Ukigotesha kushoto injini ikapanda, au ukigotesha kulia ikapanda, jibu umeshapata. Usiguse kabureta.

Anza na njia. Fungua kebo uitafutie njia fupi zaidi kutoka gripu hadi kabureta, bila kona kali, bila kupita mahali shingo inapoweza kuibana. Mara nyingi sentimita mbili tatu zinapatikana hapo. Njia ikishindikana, nunua kebo ndefu. Jambo ambalo nimelikuta mara nyingi na silipendi ni fundi kukaza skrubu ya kurekebishia mpaka mwisho ili "kuongeza" kebo. Skrubu ile iliwekwa kwa ajili ya mchezo, yaani ulegevu mdogo wa kebo, haikuwekwa kwa ajili ya urefu. Mchezo unaotakiwa kwenye gripu ya mafuta ni milimita 2 hadi 6, ukipima kwenye ukingo wa gripu kabla kebo haijaanza kuvuta, na mchezo huo uwepo usukani ukiwa katikati, ukiwa kushoto na ukiwa kulia.

Kuna ndugu yake wa hatari zaidi: unaachia mafuta, gripu hairudi. Hapa wengi hukimbilia kupaka grisi. Kwanza tazama ncha ya usukani. Uzito wa mwisho wa usukani ukisukumwa ndani sana unakandamiza ganda la plastiki la mkono wa mafuta. Acha nafasi ya milimita moja au mbili. Kisha toa ganda hilo utazame bomba lenyewe. Sukani nyingi za bei nafuu zimepakwa rangi nene mpaka mwisho, na ganda linasugua kwenye rangi. Piga msasa laini, futa, jaribu likiwa kavu. Likiendelea kukwama, viringisha bomba sakafuni: huenda ncha imepinda kidogo hata kama usukani ni mpya. Grisi nzito hukusanya vumbi letu jekundu, na baada ya wiki mbili umejitengenezea msasa wako mwenyewe ndani ya mkono wa mafuta.

Kleji nzito, gia hazishiki, au pikipiki inanuka kuungua

Kebo ya kleji iko kushoto, kwa hiyo mambo yanageuka: ukikata kulia ndipo inavutwa. Dereva atakwambia pikipiki inakosa nguvu kwenye mizunguko, au akipanda mlima na mzigo wa matooke anasikia harufu. Kleji imeachia nusu na inateleza. Dawa ni ile ile ya njia na urefu. Mchezo kwenye ncha ya leva uwe kama milimita 10 hadi 20.

Lakini kuna chanzo kingine ambacho kebo haihusiki nacho, na hiki kimewafanya watu wafungue injini bure, wakanunua sahani za kleji, wakarudi na ugonjwa ule ule. Ni leva yenyewe. Leva mpya iliyokuja na usukani inaweza kufanana kabisa na ya zamani kwa macho. Chukua rula. Pima kutoka katikati ya bolti ambayo leva inazungukia hadi katikati ya kitundu kinachoshika kichwa cha kebo. Pima na ile ya zamani. Ikiwa ya mpya ni fupi, leva itakuwa laini kama siagi lakini inavuta kebo kidogo: kleji haifunguki yote, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, pikipiki inasogea hata ukiwa umebana leva, na gia huru haipatikani ukisimama kwenye taa za barabarani. Ikiwa ni ndefu, kebo inavutwa sana lakini vidole vinachoka kabla ya saa nne asubuhi. Tofauti ya milimita tatu tu inatosha kuleta hayo yote. Ndiyo maana leva za zamani sizitupi hata zikiwa zimekatika ncha; ninazo ndoo nzima, na ndizo rula zangu.

Breki ya ngoma ya mbele inafuata hesabu hiyo hiyo. Leva fupi mno, breki inashuka hadi kwenye gripu.

Breki ya diski: inalegea, au inajishika yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mambo mengine humharibia mtu siku, lakini hili linaweza kumwondoa duniani.

Leva ikizama kama sifongo baada ya kubadilisha usukani, umeingiza hewa. Hata kama hukufungua bolti ya mpira wa breki, hewa inaweza kuingia: usukani mpya unapoigeuza pampu ya juu, ile iliyo kwenye leva, ikalala upande, na kikopo kina mafuta kidogo, tundu lililo chini ya kikopo hukaa hewani badala ya kukaa ndani ya mafuta. Weka pampu ili kikopo kisimame sawa magurudumu yakiwa yamenyooka, jaza hadi alama, kisha toa hewa kwenye niple ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Vipovu vidogo vinavyogoma vikibaki, funga leva kwa mpira ikiwa imebanwa, uiache usiku kucha. Asubuhi mara nyingi leva inakuwa ngumu. Mafuta ni DOT 3 au DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini humo ni sumu: inavimbisha mipira yote ya ndani, na utabadilisha pampu na kalipa pamoja. Na ukifungua bolti ya mpira, wosha za shaba ni mbili, ziwe mpya. Mafuta ya breki yakidondokea tenki, osha kwa maji haraka, yanakula rangi.

Leva ikiwa ngumu kama jiwe lakini pikipiki haisimami, tazama pampu kama umeibadilisha. Kipenyo cha pistoni ya pampu mara nyingi kimeandikwa ubavuni. Pistoni kubwa hutoa leva ngumu isiyo na nguvu kwenye kalipa ndogo. Pistoni ndogo kwenye kalipa kubwa hutoa leva laini inayokwenda mbali. Pampu ya pikipiki kubwa kwenye pikipiki ndogo si sifa. Rudisha kipenyo cha zamani.

Sasa ile inayojishika. Dereva anasema asubuhi pikipiki iko sawa, lakini akifika mjini gurudumu la mbele linagoma kuzunguka, diski inafuka. Akipumzika nusu saa, inaachia. Chanzo karibu kila mara ni leva mpya ambayo kijino chake kinasukuma pistoni ya pampu kidogo hata ukiwa hujaishika. Pistoni isiporudi mpaka mwisho, kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kikopo kinabaki kimezibwa. Kila unapofunga breki kalipa inapata joto, mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, yanabana pedi. Pedi zinazidi joto, na duara linaendelea. Kupima ni rahisi: gurudumu likiwa limegoma, legeza bolti ya leva. Gurudumu likiachia hapo hapo, umemshika mwizi. Leva iwe na mchezo mdogo unaosikika kabla haijagusa pistoni. Ikiwa ina skrubu ya kurekebisha, irudishe. Ikiwa haina, leva hiyo si ya pampu hiyo, tafuta nyingine.

Na mpira wa breki usinyooke kama kamba ya kuanikia nguo usukani ukigota. Mpira hauna skrubu ya kurekebishia. Ni kununua mrefu, hakuna mjadala.

Usukani unateleza, swichi zinazunguka

Usukani wa pikipiki zetu nyingi ni wa bomba la milimita 22. Zile za kutembelea kwa mapozi huwa na wa inchi moja, yaani milimita 25.4. Ile minene ya pikipiki za porini ni milimita 28.6 katikati, ikipungua hadi 22 mahali pa gripu. Kwa hiyo gripu na swichi zinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye usukani ambao katikati hauendani na vibano vyako. Niliwahi kuletewa mmoja uliojazwa vipande vya kopo la soda. Ukisukuma kwa mkono, unakaa. Dereva anapofunga breki akiwa na watu wawili nyuma, anaegemea kwa uzito wote, na usukani unalala mbele. Kopo la soda libaki kwenye soda.

Hata kipenyo kikiwa sawa, tazama katikati ya bomba: la asili lina sehemu yenye meno madogo ili kibano kiume. Lisilo na meno linahitaji kibano kisafi kisicho na mafuta wala rangi iliyochubuka. Vibano vingi vina kidoti upande mmoja. Kidoti kinatazama mbele, na hapo unakaza bolti za mbele kwanza mpaka zikutane, nafasi inabaki nyuma. Visivyo na kidoti, nafasi igawanywe sawa mbele na nyuma. Bolti za M8 zinataka takribani 20 hadi 25 Nm. Asiye na spana ya kupimia akaze kwa spana fupi na mkono mmoja, asipande juu yake kama anayefungua nati za lori.

Swichi inayozunguka ni hadithi ya pini. Ndani ya ganda la swichi kuna kipini kidogo kinachoingia kwenye tundu la usukani. Usukani mpya hauna tundu, au unalo mahali pengine. Fundi mwenye haraka anakikata kipini, anakaza skrubu, na baada ya mwezi swichi imezunguka, imesokota nyaya zake mpaka zimekatika. Usikikate. Mweke dereva mwenyewe juu ya kiti, ashike anavyopenda, vidole vikiwa juu ya leva vimenyooka na mkono. Paka ncha ya kipini rangi ya kucha, ibane swichi mahali pake kidogo, ifungue. Alama umeipata. Pima unene wa kipini, mara nyingi ni milimita 4 au 5, toboa kwa keekee ya kipimo hicho, ukuta mmoja tu wa bomba. Lainisha ukingo kwa tupa. Usitoboe karibu na vibano, bomba hukatikia hapo. Kwa swichi ya upande wa mafuta kipini ni lazima kabisa, maana ganda likizunguka linavuta kebo.

Fyuzi inakatika, lakini si kila wakati

Hili ndilo huwatia watu wazimu, kwa sababu ukiiegesha inakaa salama siku nzima. Kipimo cha kugotesha usukani ufunguo ukiwa umewashwa kitakupa upande. Lakini usichome fyuzi kumi kutafuta shoti moja. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21, iunganishe mahali pa fyuzi. Zima kila kitu, acha ufunguo tu. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo wakati huo huo. Ikiwaka hafifu au isiwake, hamna. Sasa kata usukani taratibu, chezea nyaya moja moja, bonyeza swichi. Mahali balbu inaporuka na kung'aa, weka kidole: ni hapo.

Mahali penyewe huwa patatu. Chini ya kibano cha usukani, ambako waya umebanwa na kukatwa ngozi. Shingoni, pale chuma cha kugoteshea kinapokutana na fremu. Na kwa usukani uliopitishiwa nyaya ndani, kwenye ukingo wa tundu ambao hakuna aliyeulainisha wala kuutia mpira. Kuna la nne siku hizi, chaja ya simu. Kila dereva ana simu usukanini kwa ajili ya kupokea wateja, na waya wa chaja umeunganishwa kwa kusokotwa tu kwenye waya wa honi, tepu imeyeyuka kwa jua. Mpe chaja fyuzi yake ndogo na waya wake, umalize.

Ikiwa badala ya fyuzi kukatika injini inazima ukikata kona, tafuta waya uliovutwa: nyaya za ufunguo ndizo fupi kuliko zote, na usukani wa juu huwa umezinyonga pamoja na kebo kwa tepu moja.

Rangi za nyaya zitakudanganya

Swichi mpya imekuja na soketi isiyolingana, kwa hiyo utakata na kuunga. Mtu atakwambia, "Unga rangi kwa rangi." Rangi ni lugha, na kila kiwanda kina lugha yake. Kwa Honda, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoiga Honda, kijani ni athi, yaani waya unaoungana na fremu, na cheusi ni chanya kinachotoka kwenye ufunguo. Kwa Yamaha cheusi ndicho athi. Ukiunga cheusi kwa cheusi hapo, umeunganisha chanya na fremu. Kwa Suzuki cheusi chenye mstari mweupe ni athi. Rangi hiyo hiyo kwa Honda ni waya wa kuzima injini. Kwa Kawasaki athi ni cheusi chenye mstari wa njano, na Bajaj, walioshirikiana na Kawasaki miaka mingi, wanatumia hiyo pia.

Kwa hiyo weka mita kwenye mlio wa kuunganika na uchore karatasi. Kwa kila waya wa swichi mpya andika unaungana na upi ukibonyeza wapi. Upande wa pikipiki andika upi una volti 12 ufunguo ukiwashwa, upi unaungana na fremu. Dakika ishirini. Halafu unga kwa risasi ya kuchomelea na mpira wa kusinyaa, si kwa kusokota. Mvua za hapa hazina huruma na viungo vya kusokota.

Kilicho muhimu kuliko vyote kwenye karatasi hiyo ni swichi ya kuzima injini, kwa sababu ziko za aina mbili na kwa nje ni mapacha. Ya kwanza hukata: ikiwa kwenye kuwasha, nyaya zake mbili zimeungana na kupitisha umeme, ukizima zinaachana. Ya pili huunganisha: ukizima, waya wa CDI unapelekwa athi, cheche zinakufa. Pikipiki ambayo CDI yake hula umeme wa koili moja kwa moja huzimwa kwa aina hii ya pili. Ukifunga aina isiyo yake, dalili ni za kuchekesha mpaka zinapoacha kuchekesha. Injini inawaka swichi ikiwa kwenye kuzima na inazima ikiwa kwenye kuwasha. Au haizimi kabisa kwa swichi. Au ukizima tu, fyuzi inakatika, kwa maana umepeleka chanya athini. Na waya wa kuzima wa CDI ya koili ukiupelekea umeme wa betri kwa bahati mbaya, CDI inaweza kufa hapo hapo bila kuaga.

Honi, indiketa na stata

Honi isipolia, uliza inapata nini kutoka kwenye kitufe. Honda hupitisha chanya kwenye kitufe. Yamaha, Suzuki na Kawasaki kwa kawaida hupeleka honi athi kupitia kitufe. Swichi za bei nafuu zenye waya mmoja wa honi zinategemea usukani wenyewe uwe athi. Na usukani mpya umepakwa rangi nzito kila mahali, au umekaa juu ya vipira. Gusisha waya wa kitufe kwenye fremu: ikilia, vuta waya wa athi kutoka ganda la swichi hadi kwenye fremu.

Indiketa zote nne zikipepesa pamoja baada ya kuweka za LED, kosa haliko kwenye swichi. Ni ile balbu moja ya dashibodi iliyofungwa kati ya kushoto na kulia: mkondo unaipita na kuingia upande wa pili, na LED zinatosheka na mkondo mdogo huo. Weka dayodi mbili, zinazopitisha mkondo upande mmoja tu, athi ya balbu ikiwa fremu. Zikipepesa mbio tu, badilisha flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, iwe ya LED.

Taa ya breki isiyozimika: leva mpya haifiki kwenye kijitufe cha swichi yake. Stata isiyoitika: kishikio kipya cha kleji hakina swichi ya kleji, na nyaya zake zimeachwa hewani. Lakini ukikuta kitufe cha stata kina joto, mtu ameruka rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa) na kupitisha mkondo wa mota, makumi ya ampea, kwenye kitufe cha plastiki. Kinayeyuka, na siku kikigandia ndani, stata itazunguka mpaka betri ife au waya uwake.

Kioo cha kulia kinacholegea kila siku: kwa Yamaha nati ya kulia hufungwa kinyume. Unayemlaumu kwa kutokaza amekuwa akifungua.

"Usukani uko sawa, gurudumu linatazama Kenya"

Huyu ndiye aliyebadilisha usukani kwa sababu ya ajali. Mpya umefungwa, na bado akienda moja kwa moja usukani umegeuka upande. Anarudi dukani kugombana kwamba ameuziwa uliopinda. Fungua usukani, uviringishe kwenye meza tambarare kabla ya kugombana na mtu. Mara nyingi ni mnyoofu. Kilichojisokota ni foku mbili ndani ya vibano vya shingo. Legeza ekseli ya mbele na bolti za kibano cha chini na cha juu, bana gurudumu katikati ya magoti yako, nyoosha usukani kwa mikono miwili mpaka ulingane na gurudumu, kisha bonyeza shoki juu na chini mara tatu nne ili zijipange zenyewe ndipo ukaze, ekseli ikiwa ya mwisho. Zikigoma kulingana, bomba la foku limepinda, na usukani wa zamani ulipinda siku hiyo hiyo.